Baridi ya mlimani isikufanye uingize jiko la mkaa ndani ya hema

Likizo ya Juni inapokaribia, familia nyingi za mjini huanza kupanga safari. Siku hizi si ufukweni na kijijini kwa bibi tu. Wapo wanaopakia mahema kwenye gari na kuelekea Lushoto, Morogoro au Marangu ili watoto walale usiku mmoja mlimani. Ni jambo zuri. Mtoto huona nyota ambazo taa za mjini humficha, na hutembea kutwa nzima bila kuuliza simu iko wapi.

Lakini Juni pia ni mwanzo wa kipupwe, na usiku wa mlimani humshtua mzazi aliyezoea joto la Dar es Salaam. Saa nane usiku mtoto anaamka analia, miguu imekuwa kama barafu. Hapo ndipo mzazi mwenye nia njema kabisa hufanya moja kati ya makosa mawili: kuingiza jiko la mkaa ndani ya hema, au kuwasha moto mahali pasiporuhusiwa. La kwanza linaweza kuua familia. La pili linaweza kuunguza mlima. Kinga ya yote mawili ni moja, nayo ni kujiandaa kwa baridi kabla ya kutoka nyumbani.

Mkaa hauna moshi, lakini una sumu

Mkaa unaowaka hutoa gesi ya kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Ukiivuta, huingia kwenye damu na kuchukua nafasi ya oksijeni. Aliyelala haamki kwa kukohoa kama angevuta moshi wa kuni. Usingizi wake huzidi kuwa mzito tu. Hema ni dogo kuliko chumba, kwa hiyo sumu hujaa haraka.

Wapo wanaosema, "Tutaacha zipu wazi kidogo." Haitoshi. Wengine husubiri mkaa ufunikwe na jivu ndipo waingize jiko. Mkaa huo nao bado unatoa sumu. Sheria ya familia iwe moja: kitu chochote kinachowaka, kiwe cha mkaa, kuni, gesi au mafuta ya taa, hakivuki mlango wa hema. Waambie na watoto wakubwa, maana huenda wao ndio wakapata wazo hilo ninyi mmelala.

Ikiwa kuna moto karibu na mtu analalamika kichwa, kizunguzungu au kichefuchefu, tokeni nje wote mara moja, kisha tafuteni hospitali. Msisubiri kupambazuke.

Baridi huhesabika

Kwa kawaida joto hupungua takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Mji wa Lushoto uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo tegemea baridi ya nyuzi 8 hivi zaidi ya Tanga mjini. Mandara, kituo cha kwanza cha kulala katika njia ya Marangu mlimani Kilimanjaro, kiko karibu mita 2,700. Ukilala pale, punguza nyuzi 11 hivi kutoka usiku wa Moshi mjini. Fanya hesabu hiyo nyumbani, kisha ndipo ufunge mizigo.

Kosa la wengi ni kubeba mablanketi mengi ya kujifunika na kusahau ya kutandika. Ardhi ndiyo inayomnyonya mtoto joto. Tandika mkeka, juu yake godoro jembamba la sponji, kisha blanketi, ndipo mtoto alale. Nguo nyepesi tatu zilizovaliwa moja juu ya nyingine huhifadhi joto kuliko koti moja zito.

Jua likizama, mbadilishe mtoto nguo zote alizoshinda nazo, hata kama anasema hazijaloa. Jasho la mchana ndilo baridi ya usiku. Soksi kavu na kofia ya sufi ziwe za kulalia tu.

Mpe chakula cha kushiba kabla ya kulala, na uweke uji wa moto kwenye chupa ya chai kwa ajili ya usiku. Jaza maji ya moto kwenye chupa ngumu isiyovuja, ivalishe soksi nene, kisha iweke miguuni pake. Chupa hiyo inafanya kazi ambayo wengi hulitafutia jiko.

Mtoto anayetetemeka anahitaji nguo kavu, kitu cha moto cha kunywa na mwili wa mzazi karibu yake. Akiacha kutetemeka huku amelegea, anaongea ovyo au haamki vizuri, hiyo ni dharura. Mfunike, mkumbatie, na mwiteni askari wa hifadhi.

Kichwa kikiuma, msiendelee kupanda

Kuanzia karibu mita 2,500, hewa nyepesi inaweza kumsumbua mtu yeyote, hata mwanamichezo. Mtoto mdogo hawezi kueleza. Utaona anakataa chakula, anatapika, analia bila sababu au anakosa usingizi. Akiwa hivyo, msipande zaidi. Hali ikizidi, shukeni, hata kama mlishalipia usiku wa pili. Kwa usiku wa kwanza wa familia, milima ya Usambara na Uluguru ina sehemu nyingi zilizo chini ya kiwango hicho.

Moto wa Oktoba 2020

Oktoba 2020 Watanzania waliona Kilimanjaro ikiwaka usiku. Moto ulianza eneo la Whona, wanakopumzika wapandaji kati ya Mandara na Horombo. Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA, lilisema taarifa za awali zilionyesha kuwa ulianza wakati wapagazi wakipasha chakula. Mamia ya watu walipanda kuuzima, na ulichukua siku kadhaa. Hakukuwa na mtu aliyekusudia kuunguza mlima. Walitaka chakula cha moto, kama mtakavyotaka ninyi.

Kwa hiyo uliza getini kabla ya yote: moto unaruhusiwa hapa? Misitu ya Magamba na Uluguru iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS, na unahitaji kibali chao. Mlima Meru huendi bila askari mwenye silaha, kwa sababu ya nyati. Msikate kuni msituni. Pikeni nje kwa jiko dogo la gesi, juu ya udongo mtupu au mawe, mbali na nyasi na hema, na mmalize kabla giza halijaingia.

Ikiwa moto umeruhusiwa, tumieni figa lililokwishatumika. Kabla ya kulala, mwageni maji, korogeni, mwageni tena. Kisha pitisha nyuma ya kiganja karibu na jivu. Ukihisi joto, bado haujazimika. Watoto wakabidhiwe kazi ya kuchota maji ya kuzimia. Watajifunza kuliko kwa kuhubiriwa.

Mlichopanda nacho mshuke nacho

Beba kiroba cha taka. Maganda ya ndizi, chupa, pipi na pampasi zote hurudi mjini. Pampasi haiozi upesi, na ikifukiwa wanyama huifukua. Pasipokuwa na choo, chimba shimo la sentimita 15 hadi 20, angalau hatua 70 kutoka mtoni au kwenye chemchemi, kisha lifukie. Vyombo vioshewe mbali na mto. Chakula kisilale ndani ya hema, na kima wasipewe hata kipande cha mkate. Wakizoea, watamnyang'anya mtoto wa familia itakayofuata.

Kwa mkazi wa Dar es Salaam jambo hili si la mbali. Mito ya Uluguru huingia Ruvu, na maji ya Ruvu ndiyo yanayotoka kwenye mabomba ya jiji. Mwonyeshe mtoto kijito kimoja asubuhi, umwambie kinakoelekea. Akishajua kwamba maji yale ndiyo ya kuogea nyumbani, hutahitaji kumkataza mara mbili kutupa takataka.