Mwivi, Mshukiwa na Mshtakiwa Si Visawe

Ajifunzaye lugha ngeni huanza na salamu, akaja kwenye vyakula na bei za sokoni. Msamiati wa uhalifu huuacha nyuma, akidhani unawahusu polisi na wezi pekee. Sisi tuliozaliwa na Kiswahili nasi hatujauchunguza, na uzembe huo hugharimu roho za watu.

Hapa Kibokoni, karibu na Ngome ya Yesu iliyokuwa gereza tangu 1895 hadi 1958, Kimvita kina neno lake: mwivi, na wengi ni wevi. Neno hilo likipigiwa ukelele kichochoroni, hufanya kazi ya polisi, hakimu na mnyongaji kwa mpigo mmoja.

Nifundishapo isimu huwauliza wanafunzi tofauti ya mshukiwa na mshtakiwa. Wengi hunijibu kuwa ni visawe. La hasha! Mshukiwa hudhaniwa tu. Mshtakiwa amesomewa mashtaka. Mfungwa ndiye aliyehukumiwa kifungo. Ibara ya 50 ya Katiba ya Kenya ya 2010 yamhesabu mshtakiwa kuwa hana hatia hadi ithibitishwe vinginevyo. Katika Kikantoni cha Hong Kong, mshukiwa huitwa yifaan, na faan ni mkosaji: hatia imekwisha kuingia ndani ya jina. Kiswahili kimetuepusha na mtego huo, nasi twajitumbukiza wenyewe.

Makosa nayo yana daraja. Kwa Kanuni ya Adhabu, wizi wa kawaida una kifungo kisichozidi miaka 3. Unyang'anyi wa kutumia silaha, au wa zaidi ya mtu mmoja, adhabu yake ni kifo. Basi mwandishi amwitapo mchomoa simu "jambazi", amempandisha ngazi ndefu mno. Na mraibu wa heroini, aitwaye teja mitaani, huhesabiwa mwivi kabla hajagusa mali ya mtu.

Ibara ya 49 yampa aliyekamatwa haki ya kuelezwa sababu kwa lugha anayoifahamu. Haki hiyo yamfaa nini asiyejua maana ya maneno anayosomewa? Naona istilahi hizi zifundishwe shuleni mapema, na wahariri wazichuje kabla ya kuchapa. Kijana aliyeuawa na umati hakufikishwa kortini. Kumwandika "mwizi" katika kichwa cha habari ni kumhukumu akiwa kaburini.