Linda kamera kabla mtaji haujaota fangasi

Miongoni mwa biashara ndogo zinazoanzishwa na vijana katika miji ya pwani, upigaji picha wa harusi na mahafali ni mojawapo ya zile zisizohitaji duka wala shehena ya bidhaa. Kinachotakiwa ni kamera, lenzi moja au mbili, na wateja. Kwa sababu hiyo karibu mtaji wote umo katika begi moja linaloning'inia begani. Mwenye duka akipoteza rafu moja, nyingine zinabaki. Mpiga picha akipoteza kamera, biashara imefungwa siku hiyo hiyo, na kama aliinunua kwa mkopo, marejesho yanaendelea kudaiwa.

Wiki hii ukurasa huu unaangalia namna kamera zinavyoharibika katika kazi za kila siku, gharama ya kuzikinga, na hesabu anayopaswa kuifanya mwenye mtaji mdogo.

HALI YA SOKO

Kwa mujibu wa CIPA, umoja wa watengenezaji kamera wa Japani, kamera za dijitali zilizopelekwa sokoni duniani mwaka 2010 zilizidi milioni 120. Mwaka 2023 hazikufika milioni 8. Simu za mkononi zimelimeza soko la kamera ndogo za bei nafuu. Kampuni ya Olympus iliuza biashara yake ya kamera, na makabidhiano yakakamilika Januari 2021. Watengenezaji waliobaki wameelekeza nguvu zaidi kwenye kamera za bei kubwa.

Kwa mnunuzi mdogo maana yake ni mbili. Kwanza, kuinunua upya kamera iliyokufa ni mzigo mzito. Pili, soko la mtumba lina uzito mkubwa, na humo bei hufuata hali ya kifaa. Kamera mbili za aina moja na umri mmoja zinaweza kupishana sana kwa bei kwa sababu moja ilitunzwa na nyingine haikutunzwa.

UNYEVU: ADUI ASIYEPIGA KELELE

Wengi huogopa wizi na kuanguka. Hata hivyo, katika miji kama Dar es Salaam, Tanga, Zanzibar na Mombasa, adui mkubwa ni unyevu wa hewa. Wakati wa masika hewa ya asubuhi mara nyingi huwa na unyevu unaozidi asilimia 80. Fangasi wa lenzi hustawi vizuri unyevu unapokaa juu ya asilimia 60 hadi 70 kwa muda mrefu, hasa ndani ya begi la kitambaa lililofungwa na kuachwa kabatini gizani.

Fangasi huanza kama nyuzi nyembamba mithili ya utando wa buibui ndani ya lenzi. Huwezi kuzifuta kwa nje. Zikiachwa hutoa tindikali inayokula rangi nyembamba iliyopakwa juu ya kioo, na hapo hata fundi akiifungua na kuisafisha, alama hubaki. Picha hukosa ung'avu, na mnunuzi yeyote anayejua kazi atashusha bei au ataondoka.

Kinga yake ni rahisi. Chukua dishi la plastiki lenye mfuniko unaobana vizuri, weka kamera na lenzi humo bila begi, pamoja na chembe za silika zinazofyonza maji na kipima unyevu kidogo. Lengo ni asilimia 40 hadi 50. Usikaushe kupita kiasi, kwani chini ya asilimia 30 raba na vilainishi vinaweza kuathirika.

Vifuko vya silika vinavyotolewa katika maboksi ya viatu mara nyingi vimekwisha kushiba maji, hivyo visitegemewe. Nunua chembe zinazobadilika rangi. Za bluu hugeuka waridi zikishiba; za rangi ya chungwa hugeuka kijani. Zikifika hapo, zikaushe katika joto la kama nyuzi 120 kwa saa mbili hivi, kisha zirudishe kazini. Usitumie chombo cha kupikia chakula, kwani zile za bluu zina kemikali yenye sumu.

Jambo jingine ni kiyoyozi. Kamera iliyokaa ukumbini kwenye baridi ikitolewa ghafla nje kwenye joto hutoa jasho kama chupa ya soda. Kabla ya kutoka, ifunge ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, uiache nusu saa au zaidi mpaka ipate joto la nje, ndipo uifungue.

MCHANGA, VUMBI NA CHUMVI

Mchanga mwingi una chembe za kwatzi, na kwatzi ni ngumu kuliko kioo. Anayefuta lenzi kwa pindo la kanga au shati baada ya kazi ya ufukweni anaisugua kwa msasa bila kujua. Utaratibu unaofaa ni huu: puliza kwanza kwa pampu ndogo ya mpira, pitisha brashi laini, kisha malizia kwa kitambaa maalumu cha lenzi. Usipulize kwa mdomo, kwa sababu mate hutua juu ya kioo.

Unapobadilisha lenzi, zima kamera, ipe mgongo upepo, na uelekeze mdomo wake chini. Kamera za kisasa zisizo na kioo cha ndani mara nyingi huacha sensa wazi lenzi inapotolewa, na punje moja ya vumbi itaonekana katika kila picha yenye anga jeupe.

Upepo wa baharini hubeba chumvi hata kama hukugusa maji. Baada ya kazi ya pwani, futa bodi kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kisha kausha. Kamera ikitumbukia baharini, zima, toa betri na kadi, usijaribu kuiwasha tena hata mara moja, na uipeleke kwa fundi siku hiyo hiyo. Kuifukia ndani ya mchele hakuondoi chumvi. Kunaongeza vumbi la wanga.

KUANGUKA, JOTO NA TAA ZA UKUMBINI

Mkanda uvaliwe shingoni au uzungushwe mkononi muda wote. Katika daladala au bodaboda begi likae kifuani. Stendi ya miguu mitatu ining'inizwe uzito katikati, hasa kunapokuwa na upepo wa kaskazi au kusi. Filta safi na kikombe cha kukinga mwanga mbele ya lenzi mara nyingi hupokea pigo badala ya kioo chenye thamani.

Kamera nyingi zimetengenezwa kufanya kazi kati ya nyuzi 0 na 40. Gari lililofungwa juani hupita kiwango hicho kwa haraka, na betri za lithiamu huchakaa upesi kwenye joto. Usiache kifaa garini.

Aidha, wapiga picha wa harusi wajihadhari na taa za leza katika kumbi za muziki. Mwale ukiingia moja kwa moja kwenye lenzi unaweza kuchoma sensa mara moja na kuacha nukta au mstari usiofutika. Ukiona leza zinawashwa, funika lenzi au geuza kamera.

HESABU YA MTAJI

Tuchukue mfano. Kijana amenunua kamera na lenzi kwa Sh. 4,000,000, na anapata kazi tano kwa mwezi. Vifaa vikidumu miaka minne atafanya kazi 240, na kila kazi itabeba Sh. 16,667 za uchakavu. Vikifa baada ya miaka miwili, kazi zitakuwa 120, na kila moja itabeba Sh. 33,333. Kama alipanga bei yake kwa hesabu ya kwanza, katika kila kazi alikuwa anakula mtaji wake akidhani ni faida.

Sasa tuseme dishi, silika, kipima unyevu, pampu, kitambaa na filta vimemgharimu Sh. 150,000. Kwa miezi 48 hiyo ni Sh. 3,125 kwa mwezi. Kufa mapema kwa kamera kungeongeza gharama ya uchakavu kwa zaidi ya Sh. 83,000 kila mwezi. Tarakimu hizi ni za mfano. Msomaji aweke bei za soko lake, lakini ataona kuwa uwiano haubadiliki sana.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Andika tarehe ya kununua, namba za kifaa, siku ulizokausha silika na siku uliyompelekea fundi. Kila kazi ikilipwa, weka kando fungu la uchakavu kabla ya kugawa faida. Wenye bima wasome masharti, kwa sababu bima nyingi hulipa moto au wizi lakini kwa kawaida hazilipi fangasi, kutu na uchakavu wa polepole. Hasara hizo ni zako mwenyewe.

KWA WANAONUNUA MTUMBA

Kabla ya kutoa fedha, pitisha mwanga wa tochi ndani ya lenzi kutoka nyuma na utafute nyuzi za fangasi. Piga picha ya ukuta mweupe kwa kipenyo cha f/16 uone nukta za vumbi au alama za leza. Fungua mahali pa betri uangalie kutu ya chumvi. Kagua skrubu kama zimewahi kufunguliwa. Uliza pia idadi ya picha zilizokwisha kupigwa, kwani shata za kamera nyingi hukadiriwa kudumu picha 100,000 hadi 200,000. Lenzi yenye fangasi isihifadhiwe pamoja na nzima.

Muuzaji anayekataa ukaguzi huu amekwisha kukujibu. Na wewe unayemiliki kamera leo, kumbuka kuwa siku moja utakuwa muuzaji, na tochi hiyo hiyo itapitishwa ndani ya lenzi yako.