Nani anadai kuuona uso wako?

Kabla ya mwaka 2020, ungemtajia mzee wa Mji Mkongwe neno barakoa asingefikiria ugonjwa hata kidogo. Angekumbuka picha za kale za mabibi wa Unguja, uso umefichwa nyuma ya kinyago kilichotariziwa. Neno hilo tulilipata kwa Waarabu, na shina lake ndilo lililozaa burka. Salme binti Said, binti wa Sultani aliyezaliwa Unguja mwaka 1844 na kuishia Ujerumani, alilieleza vazi hilo katika kumbukumbu zake zilizochapishwa Berlin mwaka 1886.

Barakoa ile ilikuwa ya wenye hadhi. Mjakazi hakuruhusiwa kujifunika kama bibi yake, na uso wake kuwa wazi ni sehemu ya yale yaliyomtambulisha kuwa mali ya mtu. Lamu na Mombasa, wanawake wa kiungwana walitembea ndani ya shiraa, hema la kitambaa lililobebwa na wajakazi wao. Utumwa ulipofutwa Unguja mwaka 1897, miongoni mwa mambo ambayo wanawake walioachwa huru waliyakimbilia ni nguo za kujisitiri, na baadaye buibui likaenea mpaka likawa vazi la mwanamke yeyote wa mjini. Pwani yetu, kwa maneno mengine, ilishawahi kuwa na marufuku ya kujifunika. Ilikuwa marufuku ya kitumwa.

Nimeanzia huku kwa sababu mabishano ya Ulaya kuhusu vazi hili huchukulia kwamba uso uliofunikwa una maana moja tu, ya mwanamke aliyeonewa. Historia yetu wenyewe inatosha kulitilia shaka hilo.

Tuweke majina sawa kwanza. Hijabu hufunika nywele na shingo, uso unabaki wazi. Nikabu, ambayo vijana wa mjini huiita ninja kwa utani, hufunika uso na kuacha macho. Burka ya Afghanistan hufunika hadi macho kwa wavu. Wanasiasa wa Ufaransa walipopaza sauti walisema "burka, burka", ingawa waliokuwa wakipita mitaani mwao walivaa nikabu. Kosa dogo, lakini linaonesha mjadala ulivyoanza: kwa picha ya televisheni kutoka Kabul.

Je, nikabu ni faradhi? Wanazuoni hawajaafikiana. Oktoba 2009 Sheikh wa Al-Azhar wa wakati huo, Muhammad Sayyid Tantawi, alimtaka mwanafunzi aivue darasani, akisema ni desturi na haihusiani na ibada. Wapo wanaoona ni wajibu, na wapo wanaoona ni jambo la kupendeza tu. Tena mwanamke aliye katika ihramu ya hija hukatazwa kuvaa nikabu, jambo ambalo kila upande hulitumia kama hoja yake. Kwa mwanasheria mzozo huo haumalizi kesi. Jaji si mufti. Kinachomhusu ni iwapo mwanamke aliye mbele yake anaamini kwa dhati anachokifanya, na iwapo dola ina sababu nzito ya kumzuia.

Ufaransa ilidai inazo sababu. Juni 2009 Rais Nicolas Sarkozy aliwaambia wabunge waliokusanyika Versailles kwamba burka haikaribishwi katika nchi yake. Tume ya bunge ikaundwa. Wizara ya mambo ya ndani ikakadiria wanawake wanaofunika uso kuwa kama 1,900, katika taifa la watu zaidi ya milioni 60. Baraza la Dola, chombo kinachoishauri serikali juu ya sheria, lilionya Machi 2010 kwamba marufuku ya jumla haina msingi imara wa kisheria. Halikusikilizwa. Bunge lilipitisha muswada kwa kura 335 dhidi ya 1, Seneti kwa 246 dhidi ya 1, na sheria ikaanza kutumika tarehe 11 Aprili 2011.

Sheria yenyewe haitaji Uislamu wala mwanamke. Inakataza tu kuvaa mahali pa umma nguo ya kuficha uso, kisha inaruhusu kofia ya pikipiki inayotakiwa kisheria, bandeji ya mgonjwa, vazi la michezo, la kazi, la sherehe na la sanaa. Ukishamaliza kutoa wote hao, hesabu mwenyewe waliobaki. Adhabu ni faini isiyozidi euro 150, au kupelekwa darasa la uraia, au vyote viwili. Anayemlazimisha mwanamke kufunika uso anaweza kufungwa mwaka 1 na kutozwa euro 30,000. Hicho kifungu cha mwisho sina ugomvi nacho. Mfanyabiashara mmoja mwenye asili ya Algeria, Rachid Nekkaz, aliahidi kuwalipia faini wanawake watakaokamatwa, akawa analipa kweli.

Siku ileile sheria ilipoanza, msichana mmoja Mfaransa, mzaliwa wa Pakistani, alipeleka malalamiko Strasbourg, kwenye Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Jina lake halikutolewa. Kesi inajulikana kwa herufi S.A.S. Alieleza kwamba si mume wala ndugu aliyemlazimisha. Havai nikabu kila siku. Akitakiwa kuonesha uso benki, uwanja wa ndege au na polisi, ataonesha. Anachotaka ni kuachwa avae pale moyo wake unapomtuma.

Hukumu ilitolewa tarehe 1 Julai 2014, na wanaoitaja bila kuisoma husema tu kwamba Ufaransa ilishinda. Ilishinda, ndiyo. Lakini tazama ilivyoshinda.

Hoja ya kwanza ya serikali ilikuwa usalama. Mahakama ilikiri kwamba polisi wanahitaji kumtambua mtu, ila ikasema haja hiyo ingetimizwa kwa kumtaka aoneshe uso pale penye sababu. Kumkataza kila mahali na kila saa, pasipo hatari ya jumla iliyothibitishwa, kumepita kiasi. Hoja ya pili ilikuwa usawa wa wanawake. Mahakama ikajibu kwamba dola haiwezi kutumia usawa wa jinsia kupiga marufuku jambo ambalo wanawake wenyewe wanalitetea kama haki yao. Hoja ya tatu, utu wa binadamu, nayo ikakataliwa: vazi linaweza kuwashangaza wengi, lakini halithibitishi kwamba anayelivaa anamdharau yeyote.

Kwa hiyo sababu zote tulizozizoea kwenye mabishano ya vijiweni na redioni zilianguka moja baada ya nyingine. Ikabaki moja, ambayo haikuandikwa waziwazi katika Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu: "kuishi pamoja". Ufaransa ilisema uso ndio mlango wa mazungumzo, na mtu anayeufunga mtaani anavunja masharti ya chini kabisa ya ujirani. Majaji 15 walikubali kuiachia nchi uamuzi huo. Wawili walikataa, wakaandika kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kulazimisha watu asiowajua wawasiliane naye barabarani, na kwamba kuna haki ya kubaki pembeni.

Mimi niko na wale wawili. Sisemi hivyo kwa kulipenda vazi lenyewe. Nikizungumza na mtu napenda kumwona uso, kama wengi wetu. Lakini nikiyageuza mapenzi yangu kuwa faini, nimeshatoka kwenye ujirani. Na dhana isiyo na mipaka ni hatari mikononi mwa watunga sheria. Leo ni nikabu, kesho ni mtu asiyeitikia salamu kwenye lifti.

Miaka sita baadaye korona ikaiweka hoja hiyo kwenye mizani. Kuanzia Mei 2020 kila abiria wa treni za chini ya ardhi za Paris alilazimika kufunika pua na mdomo, na asiyefanya hivyo alitozwa euro 135. Sheria ya 2010 ilibaki palepale. Ndani ya behewa moja, mwanamke angeweza kutozwa euro 135 kwa kuacha uso wazi au hadi euro 150 kwa kuufunika kwa kitambaa kisichotakiwa. Wafaransa waliishi pamoja hivyo kwa miezi mingi, wakinunua mikate na kuzungumza na majirani kupitia vitambaa vyao.

Marufuku ilifanya kazi? Agnès De Féo, mwanasosholojia aliyewafuatilia wanawake hawa kwa miaka mingi, aliwakuta walioanza kuvaa nikabu baada ya sheria kupita, kwa kuitunishia misuli dola. Oktoba 2018 Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, katika malalamiko ya wanawake wawili waliotozwa faini, iliamua kwamba Ufaransa imevunja haki zao za dini na kuwabagua, na ikaonya kuwa badala ya kuwalinda, sheria inaweza kuwafungia majumbani. Sheria ni ileile, majibu ni mawili. Uamuzi wa Kamati hauna nguvu ya hukumu ya mahakama, na Paris haikubadilisha kitu.

Barani kwetu mazingira yalikuwa mengine. Juni 2015 mabomu ya kujitoa mhanga yaliua watu N'Djamena, na siku chache tu baadaye Chad ikapiga marufuku kufunika uso, hata kwa kilemba kinachoacha macho tu. Mwezi uliofuata mkoa wa Kaskazini ya Mbali wa Kamerun ukafuata njia hiyo baada ya shambulio la Fotokol. Siwezi kuwabeza waliozika jamaa zao. Hata hivyo, Julai hiyohiyo, marufuku ikiwa inatumika, mwanamume aliyevaa kama mwanamke mwenye nikabu alijilipua kwenye soko kuu la N'Djamena. Mtu aliyekwisha kukubali kufa haogopi kukamatwa kwa kosa la mavazi.

Kuna njia nyingine, isiyo na kelele. Septemba 2013, katika mahakama moja ya jinai London, Jaji Peter Murphy alimruhusu mshtakiwa kukaa na nikabu kesi nzima, ila aivue anapotoa ushahidi. Mwaka uliotangulia Mahakama ya Juu ya Kanada ilikataa kanuni ya "siku zote" na ile ya "kamwe", ikamtaka jaji apime kila kesi. Viwanja vya ndege hulimaliza jambo hili kwa dakika mbili: afisa wa kike, chumba cha pembeni, paspoti, basi. Uso unaombwa na mtu mwenye kazi nao, kwa muda anaouhitaji.

Uswisi haikuridhika na hayo. Kwa kura ya maoni ya Machi 2021, asilimia 51.2 walikubali marufuku, katika nchi ambayo watafiti wa Chuo Kikuu cha Lucerne walikadiria wavaaji wa nikabu kuwa 20 hadi 30 hivi, ukiacha watalii kutoka Ghuba. Ilianza kutumika tarehe 1 Januari 2025, na mkaidi anaweza kutozwa hadi faranga 1,000.

Tanzania na Kenya hazina sheria ya namna hiyo barabarani. Ikitokea siku moja muswada ukaletwa Dodoma au Nairobi, msibishane na mwenye muswada kuhusu dini. Muulizeni ni saa ngapi, mlango gani na afisa yupi anayehitaji kuuona uso huo, kisha mwambieni aandike hilo tu.