Maharage Nusu Kilo: Mkaa, Gesi au Umeme?

Maharage ni mboga ya bei nafuu hadi yanapobandikwa jikoni. Nusu kilo ya makavu yasiyolowekwa huweza kukaa motoni saa mbili, na muda wote huo unateketeza fedha. Presha kuka inasifiwa kwa kufupisha saa hizo. Je, inarudisha gharama yake?

Kwanza tujue inachofanya. Katika sufuria ya kawaida, hata ukichochea moto kiasi gani, maji hayapiti nyuzi joto 100. Unachoongeza ni mvuke tu. Mbeya mjini, takriban mita 1,700 juu ya bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, ndiyo maana maharage ya huko huchelewa kuiva kuliko ya Dar es Salaam. Presha kuka hufungia mvuke ndani, na joto hupanda hadi nyuzi 115 au 120. Hapo punje haina ubishi.

Hesabu zifuatazo ni za makadirio kwa nusu kilo ambayo haijalowekwa. Nimechukua gesi ya shilingi 24,000 kwa mtungi wa kilo 6 na umeme wa shilingi 356 kwa yuniti pamoja na kodi. Weka bei za kwenu.

Mkaa, sufuria ya kawaida: saa mbili, mkaa wa kama shilingi 1,000.

Gesi, sufuria ya kawaida: saa mbili, gramu 150 hivi, yaani shilingi 600.

Gesi, presha kuka ya kubandika: dakika 45, gramu 70, shilingi 280.

Presha kuka ya umeme: kama saa moja ukihesabu muda wa kupanda presha, nusu yuniti, shilingi 180. Mteja mdogo wa LUKU, asiyezidi yuniti 75 kwa mwezi, hulipa kama shilingi 60 tu.

Sasa tutazame bei ya chombo. Tuseme ya umeme umeinunua kwa 130,000 na unapika maharage mara mbili kwa wiki. Aliyekuwa akitumia mkaa anaokoa shilingi 820 kila sufuria, hivyo chombo kinajilipa kwa mwaka mmoja na nusu. Aliyekuwa na gesi anaokoa 420, na atasubiri miaka mitatu. Huyo wa gesi akinunua ya kubandika kwa 50,000, fedha yake inarudi kwa mwaka mmoja na nusu vilevile. Kwa maharage peke yake, basi, mwenye gesi hana sababu ya kukimbilia ya umeme. Hesabu inageuka pale makande, kunde, utumbo na nyama ya ng'ombe vinapoingia kwenye chungu hichohicho.

Usisahau kuunga. Nazi, nyanya na vitunguu haviingii wakati wa presha. Nyanya na ndimu hata huchelewesha punje kulainika. Kama ya umeme uliyochagua haina sehemu ya kukaangia, utawasha jiko jingine, na sehemu ya akiba imekwenda.

Dukani, uliza raba ya kifuniko inapatikana wapi. Raba ikichoka mvuke huvuja, na chombo kisicho na vipuri hugeuka pambo la kabati. Uliza pia ujazo: maharage hutoa povu na kuvimba, hivyo hayatakiwi kuzidi nusu ya chungu, la sivyo povu litaziba vali. Chungu cha lita sita, kwa maharage, kihesabu kuwa cha lita tatu. Na usifungue kifuniko kabla presha haijashuka yenyewe, hata wageni wakiwa mezani. Umeme ukikatika katikati, kiache kimefungwa. Joto lililomo litaendelea kupika kwa muda.

Ipo njia nyingine isiyohitaji duka: bakuli la maji. Ukiloweka usiku kucha, muda wa kupika hupungua sana katika jiko lolote. Kwa presha kuka ya gesi, dakika 15 za presha zinaweza kutosha. Mwaga maji ya kulowekea, tumbo litashukuru. Magadi nayo hulainisha, lakini hupunguza vitamini B1. Chagua pia maharage mapya ya msimu. Yaliyokaa ghalani kwenye joto na unyevu hugoma hata kwenye presha. Ya njano huwa ghali zaidi sokoni, lakini huiva mapema, na tofauti ya bei huweza kurudi jikoni.

Kwa hiyo, anza na kuloweka leo. Unayepikia mkaa na una umeme wa uhakika, ya umeme ndiyo yako. Mwenye gesi, nunua ya kubandika. Na anayepika maharage mara moja kwa mwezi, bakuli lake la maji linamtosha.