Mafuta Yalipokatika Kule Kuba

Ndugu msomaji, wazia asubuhi moja esansi imekosekana mjini. Lori la unga halifiki kutoka Kasumbalesa. Mashini ya kusaga imenyamaza. Utafanya nini? Kuna inchi iliyoonja jambo hilo.

Kuba ni kisiwa karibu na Marekani. Karibu mafuta yake yote yalitoka Umoja wa Kisovieti, nayo ikauza sukari yake huko. Mwaka 1991 Umoja ule ukavunjika. Trakta zikasimama mashambani, basi zikapotea barabarani, umeme ukawa wa kuhesabu saa.

Watu wakafanya nini? Serikali ikaleta kinga zaidi ya milioni moja kutoka China. Mwalimu na munganga wakaenda kazini kwa kinga. Ngombe dume wakarudi kuvuta jembe, na wazee waliojua kuwafundisha wakapata heshima tena. Katika mji wa La Habana, viwanja vya takataka vikageuzwa bustani za mboga.

Lakini tusidanganyane. Watu walikonda. Kati ya 1991 na 1993, watu zaidi ya 50,000 walipata ugonjwa wa mishipa. Wengi macho yakafifia, sababu chakula kilikuwa kibaya na kidogo. Mwaka 1994, zaidi ya 30,000 wakakimbilia baharini juu ya mbao na tairi zilizofungwa pamoja. Bustani zilisaidia, lakini hazikulisha inchi nzima. Na tena Oktoba 2024 umeme ulizimika kisiwa chote: mitambo imezeeka, mafuta ni haba.

Sisi wa miji ya migodi hatuhitaji kuelezwa sana. Kampuni ikilala, mji wote unalala. Kosa ni lilelile: kutegemea mlango mmoja tu.

Basi baba, mama, kama uko na lupango, usiiache tupu. Panda sombe, lengalenga, maharagi. Kijana, jifunze kutengeneza kinga, jifunze kulima. Usiseme hiyo ni kazi ya kijijini. Watu wa Kuba walianza kujifunza njaa ikiwa tayari nyumbani. Wewe bado uko na wakati.

Leo mangaribi, mkiwa kwenye bukari, ulizaneni: ni kitu gani kimoja kikikatika, nyumba yetu inalala njaa? Muanzie hapo.