TAA NYEKUNDU YA GARI KUUKUU

Si ajabu, katika kambi ya jeshi au katika kota za polisi, kukuta gari kuukuu la Kijerumani limefunikwa turubai chini ya mwembe, magurudumu yake yamelala, na kuku wametaga chini yake. Ukimwuliza mwenyewe atakujibu kwamba gari ni bovu. Ukimwuliza limeharibika nini, atanyamaza. Leo twataka kuzungumza na mwenye gari huyo, kwa kuwa sisi wenyewe tulikuwa kama yeye, na somo tulilolipata tulilipata kwa gharama kubwa.

Gari tunalolizungumzia ni Volkswagen ile ya zamani, ndogo, yenye mgongo wa mviringo na injini nyuma. Wajerumani waliliita Käfer, yaani mbawakawa. Wengi wetu tulipokuwa watoto tuliliona ni kobe. Baba yetu mzazi, askari polisi mstaafu, alikuwa na moja la mwaka 1971. Tulipomaliza mafunzo ya ukadeti na kuvishwa nyota ya kwanza, alitukabidhi ufunguo wake. Hakutoa hotuba. Alisema tu: "Litunze, nalo litakutunza."

Mwaka 2016 tuliitwa nyumbani, ng'ambo ya Masaka, kwa kuwa mama alikuwa mgonjwa na alihitaji kupelekwa hospitali. Tukapewa ruhusa ya siku tatu, tukaondoka Kampala mchana wa jua kali. Tulipokwisha kuvuka mstari wa Ikweta pale Kayabwe, na kuikaribia Lukaya, taa ndogo nyekundu ikawaka katika saa ya mwendo. Tuliitazama, tukajiambia kuwa hiyo ni taa ya umeme tu, betri bado ina nguvu, na safari haikubaki ndefu. Tukaongeza mwendo. Baada ya dakika kama kumi injini ikaanza kugonga kwa sauti ya vyuma vikavu, gari likapungua nguvu, likasimama penye kilima. Halikuwaka tena.

Tulifika nyumbani usiku wa manane juu ya lori la ndizi. Majirani walikuwa wamekwisha kumbeba mama kwa baiskeli hadi kituo cha afya, na kwa rehema za Mungu alipona. Asubuhi baba akatuuliza maswali mawili. La kwanza: "Taa nyekundu iliwaka?" Tukakiri. La pili: "Uliinua tairi la akiba?" Hatukuelewa. Tuliporudi kulichukua gari tukainua tairi hilo, na chini yake, katika kitambaa cha kaki, tukakuta mkanda mpya wa feni, spana ya milimita 21 na bisibisi. Kazi ya robo saa ilitushinda, si kwa kukosa vyombo, bali kwa kukosa maarifa. Kuitengeneza injini ile upya kulimeza akiba yetu ya miezi saba.

Tangu siku hiyo tukaapa kulisoma gari lile kama tulivyoisoma bunduki, kipande kwa kipande.

GARI LENYE HISTORIA YA KIJESHI

Inafaa askari ajue kwamba gari hili na jeshi ni watu wa siku nyingi. Lilibuniwa na Ferdinand Porsche, na jiwe la msingi la kiwanda chake liliwekwa mwaka 1938. Vita vya Pili vya Dunia vilipozuka, kiwanda kikageuzwa kutengeneza gari la kijeshi lililoitwa Kübelwagen, lenye injini ya namna ile ile. Gari hilo lilitumika hata katika jangwa la Afrika Kaskazini, ambako injini isiyohitaji maji ilikuwa neema kubwa.

Vita vilipokwisha mwaka 1945, kiwanda kilikuwa kimebomolewa sehemu kubwa kwa mabomu. Aliyekifufua hakuwa Mjerumani, bali Meja Ivan Hirst, ofisa wa kikosi cha wahandisi wa umeme na mitambo wa jeshi la Uingereza. Jeshi hilo likaagiza magari 20,000 kwa matumizi ya utawala wake. Hapo ndipo kobe alipoanza safari yake ya dunia. Tarehe 17 Februari, 1972, idadi ya magari yaliyotengenezwa iliivuka ile ya Ford Model T. Ujerumani iliacha kuyaunda yale ya kawaida, ya paa la chuma, mwaka 1978, na la mwisho kabisa lilitoka Mexico mwaka 2003, jumla ikiwa zaidi ya milioni 21.

Afrika Mashariki nayo ililijaribu katika tope na vumbi lake. Katika mashindano ya Safari, Volkswagen ilishinda mwaka 1954 ikiendeshwa na Vic Preston na D. P. Marwaha, na tena mwaka 1962 ikiwa na Tommy Fjastad na Bernhard Schmider. Kwa hiyo asiwepo wa kutuambia kwamba gari hili haliziwezi barabara zetu. Linaziweza. Lisiloliweza ni uzembe wa mwenyewe.

TAA MBILI, AMRI MOJA

Injini hii haina rejeta wala maji. Inapozwa na upepo na oili. Upepo huo husukumwa na feni kubwa iliyofungwa nyuma ya dainamo, na vyote viwili huzungushwa na mkanda mmoja. Basi ukikatika mkanda, dainamo husimama na taa nyekundu huwaka. Lakini feni nayo imesimama, na injini yaanza kujichoma. Hili ndilo tusilolijua siku ile. Taa nyekundu yasema habari ya umeme, lakini maana yake ni habari ya uhai wa injini.

Taa ya pili, ambayo katika magari mengi ya aina hii ni ya kijani, huonyesha kwamba shinikizo la oili limepungua. Taa yoyote kati ya hizo ikiwaka njiani, amri ni moja: simama mahali salama, zima injini, fungua nyuma, tazama. Usiseme utafika kwanza.

Kuubadili mkanda si kazi ngumu. Puli ya dainamo ina vipande viwili vinavyobanwa na nati moja. Ingiza bisibisi katika pengo la kipande cha ndani, iegemee bolti ya juu ya dainamo ili puli isizunguke, kisha fungua nati. Kati ya vipande hivyo kuna washa nyembamba. Ukizipunguza katikati, mkanda hukaza, ukiziongeza, hulegea. Washa zinazobaki huwekwa upande wa nje wa puli, chini ya nati, wala hazitupwi. Mkanda uliokaa vyema, ukiubonyeza kwa kidole gumba katikati, huingia kiasi cha milimita 15. Ukikazwa kupita kiasi huua beringi za dainamo. Ukilegea huteleza na kuungua.

OILI, VALVU NA PUMZI

Injini hii huchukua lita 2.5 tu za oili, nayo haina chujio la karatasi kama magari ya kisasa, ila wavu mdogo wa chuma chini yake. Kwa sababu hiyo oili huchafuka upesi. Ibadilishe kila kilomita 5,000, na mapema zaidi ukiwa katika vituo vya vumbi. Ifungue ingali ya moto kiasi, teremsha wavu, uoshe kwa petroli, tia gasketi mpya. Nati sita ndogo zinazoshika bamba la wavu zikazwe kwa kiasi. Askari wengi wana mikono yenye nguvu, na nguvu hiyo hung'oa nyuzi za bolti. Kipimo cha oili kitazame kila unapotia petroli, gari likiwa mahali sawa na injini imezimwa.

Valvu nazo zirekebishwe kila kilomita 5,000, na hili lifanywe injini ikiwa baridi kabisa, ikiwezekana asubuhi kabla haijawashwa. Nafasi ni milimita 0.15. Ondoa kifuniko cha distributa, zungusha puli ya chini mpaka alama yake ya juu kabisa ielekee kwenye mstari unaogawa kreki, na rota ielekee kwenye mkato wa ukingo wa distributa. Hapo silinda ya kwanza, iliyo mbele upande wa kulia, iko tayari. Pima valvu zake mbili. Kisha zungusha puli nusu mzunguko kinyume cha saa, nawe utakuwa kwenye silinda ya pili. Nusu nyingine, ya tatu. Nusu nyingine, ya nne. Tumia spana ya milimita 13 na bisibisi. Na likumbukwe neno hili: valvu inayogonga kidogo ni salama kuliko ile iliyonyamaza. Iliyonyamaza huenda haifungi, na valvu isiyofunga huungua.

Silinda ya tatu, iliyo mbele upande wa kushoto, itazamwe kwa uangalifu zaidi. Katika injini za kabla ya mwaka 1971 kipoza oili kilisimama katika njia ya upepo wake, hivyo ilipata joto kuliko wenzake.

Aidha, mabati yanayoizunguka injini na mipira ya kandokando yake si mapambo. Kazi yake ni kuzuia hewa ya moto iliyo chini isirudi juu kwenye feni. Mafundi wengi wa njiani huyatupa wakisema ni uzito wa bure. Mwenye gari asikubali.

GARI LIKIKATAA KUWAKA

Hapa ndipo wengi hupoteza utulivu, wakafungua kila kitu na kuishia na sahani ya nati zisizo na wenyewe. Askari hapigi risasi kabla ya kumtambua adui. Injini yataka cheche na petroli. Tafuta lililokosekana kabla hujashika spana.

Anza na cheche. Chomoa waya wa katikati wa distributa, ushike kwa kitambaa kikavu kinene, ncha yake iwe karibu na chuma cha injini, mwenzako azungushe starta. Cheche ya buluu ikiruka, koili ni nzima, endelea kwenye plagi. Isiporuka, tazama pointi: nafasi yake ni milimita 0.4, na uso wake uwe safi. Nafasi ya plagi ni milimita 0.6.

Cheche ikiwapo, jaribu petroli. Acha waya wa koili umechomolewa ili pasiwe na cheche, toa mpira kwenye kabureta, uelekeze katika chupa, zungusha starta. Petroli ikitoka kwa mapigo, pampu ni nzima. Gari likizima katika joto kali na kuwaka tena likipoa, huenda petroli imegeuka mvuke ndani ya pampu. Kitambaa chenye maji juu ya pampu mara nyingi humaliza ugomvi huo.

MAMBO YASIYO NA MZAHA

Mawili huteketeza magari haya. La kwanza ni mipira ya petroli iliyozeeka, ambayo hupasuka na kudondoshea petroli juu ya injini ya moto. Ibadilishe ikianza kuonyesha nyufa, nayo si ghali. La pili ni betri, ambayo imefichwa chini ya kiti cha nyuma. Abiria mzito akikaa, springi za kiti zaweza kugusa vichwa vya betri na kuwasha moto. Hakikisha kifuniko chake kipo.

La tatu ni breki. Magari ya miaka ya mwanzo yana njia moja tu ya mafuta ya breki. Ikivuja mahali pamoja, magurudumu yote manne hukosa breki. Mafuta hayo hunyonya unyevu, hivyo yabadilishwe kila miaka miwili. Pedeli ikiwa laini au ikishuka, usiondoke. Gari lisilowaka halimwui mtu, lisilosimama laua. Kama hujui kazi ya breki, mpelekee fundi, wala usione haya. Na usiingie kamwe chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake.

Tuongeze onyo moja kwa wenzetu. Maarifa haya ni ya gari lako. Gari la serikali lina karakana yake, kitabu chake na fundi aliyetia sahihi. Kulifungua bila amri, hata kwa nia njema, ni kosa.

Kila Jumamosi, baada ya usafi wa kambi, sisi hutumia saa moja na kobe wetu: oili, mkanda, mipira, breki, upepo wa matairi, likiwamo la akiba. Mama angali hai. Mwaka uliopita tulimpeleka hospitali kwa gari lile lile, kwa njia ile ile, na tulipopita kilima kile baba, aliyeketi mbele, aliinama kidogo akaitazama saa ya mwendo. Taa zote mbili zilikuwa zimezima. Hakusema neno, aliegemea kiti, akafumba macho, akalala mpaka mjini.