"Jazz" na "Okestra": Maneno Mawili katika Muziki wa Morogoro

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda bara hufika Msamvu, Morogoro, karibu na milima ya Uluguru, mahali zinapogawanyika njia ya Dodoma na njia ya Iringa. Mji huu wa njia panda ulizaa bendi mbili mashuhuri, nazo zatufaa katika kulichunguza neno "okestra".

Kwa desturi ya Ulaya, okestra ya simfoni ni kundi kubwa la wapigaji ambao fidla ndizo shina la sauti yao, na mbele yao husimama kiongozi asiyepiga chombo. Katika Tanzania muziki wa mijini ulishika njia nyingine, ile ya beni na vyama vya dansi. Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka 1932, na Morogoro Jazz mwaka 1944. Walakini "jazz" hapa si muziki wa New Orleans. Maana yake ni kundi la wapigaji wa dansi, wenye magitaa, ngoma na vyombo vya kupuliza. Na mara nyingi jina la mji hutangulia, kana kwamba kundi ni mali ya mji wenyewe.

Mwaka 1948 Salum Abdallah alianzisha kundi lililojulikana baadaye kwa jina la Cuban Marimba, akifuata mapigo ya santuri za Kuba, lakini akiimba kwa Kiswahili. Alipofariki mwaka 1965, Juma Kilaza aliliongoza kundi hilo. Upande wa pili Mbaraka Mwinshehe aliipatia Morogoro Jazz sifa kubwa, hata mwaka 1970 bendi ikapelekwa Osaka, Japani, katika maonyesho ya mataifa. Hapana budi tukubali kwamba siku zile kazi ya okestra ya taifa ilifanywa na bendi ya dansi. Mbaraka alianzisha Super Volcano mwaka 1973, akafariki kwa ajali ya gari Mombasa mwaka 1979.

Ama neno "okestra", katika majina ya bendi zetu lina alama ya Kongo, ambako wasemao Kifaransa huliita hivyo kundi lolote la dansi. Katika miaka ya 1970 Orchestra Maquis ya Zaire ilihamia Dar es Salaam, na mwaka 1978 ikazaliwa Mlimani Park Orchestra.

Basi mtungaji wa kamusi atakayeeleza okestra kwa fidla peke yake, na jazz kwa Amerika peke yake, ataandika maana za wageni na kuziacha za wenyeji. Sauti za bendi hizi zimo katika kanda za Radio Tanzania. Lakini maana ya maneno haihifadhiwi na kanda. Huhifadhiwa na wazee waliocheza dansi hizo, nao wanapungua kila mwaka. Yafaa waulizwe sasa.